Kuni za Mama Yake

Njombe, Jumamosi usiku

Asubuhi jalidi ilikuwa bado imelala kwenye majani wakati napanda kwenda kwa mama, shoka begani. Julai ya huku haina huruma na mifupa ya wazee. Kabla sijafika mlangoni nikamsikia kutoka jikoni: "Kamwene, baba." Ananiita baba tangu nikiwa kidato cha pili, nilipokuwa napita pale kila alfajiri ili niongozane na binti yake kwenda shule.

Binti yake sasa yuko Tukuyu. Ni mwalimu, ana mume na watoto wawili. Kutoka hapa unateremka Makambako, unashika barabara kuu ya Tunduma mpaka Uyole, ndipo unakata kushoto kuitafuta milima ya Rungwe. Njia hiyo nimeipita mara moja tu, siku ya harusi yake, nimekaa kiti cha nyuma nikiwa nimepakata sufuria la kamati.

Nilimwambia moyo wangu mwaka 2014, stendi, akisubiri gari la kwenda chuo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ananipenda kama kaka yake na hataki kunidanganya. Hakunizungusha, hakuniweka akiba. Wapo wanaowekwa akiba miaka mitano. Kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Mama amebaki peke yake. Mwanzo nilikwenda kumpasulia kuni kwa sababu nilimwona amejitwisha mzigo wa matawi mabichi, anapumzika kila baada ya hatua kumi. Ikawa kila Jumamosi ya pili. Huku tunachoma mti wa mwati. Gogo lake ukilipasua likiwa bado bichi linaachia vizuri, unaliona limefunguka katikati, rangi ya waridi iliyokolea, na ule unyevu wake unanukia mpaka usiku. Maganda yake ndiyo yanayotengenezea ngozi viwandani. Yakikugusa viganja, yanaacha weusi ambao sabuni ya mche haiuwezi. Jumapili kanisani huwa nakunja mikono.

Niseme ukweli, maana hii ni shajara yangu. Mwaka wa kwanza nilitaka binti yake ajue. Kila gogo nililolipasua nilikuwa namwona moyoni anaambiwa, anashika mdomo, anasema kumbe. Nilizipanga kuni upenuni kwa ustadi ili akija Krismasi azione. Siku moja niliona aibu mwenyewe, nimesimama na shoka, nikagundua kwamba yule mama nilikuwa namfanya barua. Nikakaa kwenye gogo muda mrefu. Tangu siku ile nikianza kazi namwomba Mungu kwanza anisaidie nimwone mama tu, na magoti yake yanayouma, na moshi unaomliza.

Namba yake sina. Niliifuta wiki aliyoolewa. Ni mke wa mtu, na mume wake ni mwema. Krismasi iliyopita alinikuta dukani akanipa mkono, akaniita shemeji, akaniuliza hali ya mahindi. Mtoto wao mkubwa alikuwa amemshika suruali. Ana paji la uso la mama yake. Nilinunua chumvi nikaondoka, na njiani nikajikuta nashukuru, kweli kabisa, kwamba kuna mtu anayemshika mkono yule mtoto akivuka barabara.

Rafiki yangu anasema najitesa, nioe. Nitaoa, nikijaliwa. Hakuna ninachokisubiri Tukuyu. Ila nikisikia redioni mvua kubwa Rungwe, naomba barabara yake ya shule isiteleze, na hilo sioni kama linamwibia mtu yeyote chochote.

Leo nilipomaliza, mama alinichemshia viazi, tukala tumezunguka mafiga. Simu yake ikaita. Nikaijua sauti kabla hajasema neno la pili. Mama akamweleza habari za baridi, za kuku, za jirani aliyejifungua. Kisha nikamsikia yule binti anauliza, sauti inakatikakatika: "Kuni je, mama? Nitume hela ukanunue?"

Mama akaniangalia. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na yule mama ameishi na kikohozi changu miaka mingi. Akaiondoa simu sikioni, akaiziba kwa kiganja, akaninong'oneza: "Nimwambie ni nani, baba?"

Moto ulikuwa umeshika vizuri. Nikausogeza mti mmoja ndani.

"Mwambie kuni zipo, mama."

Akanitazama tena kidogo, kisha akairudisha simu sikioni. "Zipo, mwanangu. Zipo za kutosha. Hela wanunulie watoto masweta."