Tasmania Berlin, timu iliyopandishwa daraja kwa siasa

Ukifungua msimamo wa Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, msimu wa 1965/66 ukashuka mpaka chini kabisa utakuta timu ina pointi 8 (enzi hizo ushindi ulikuwa pointi 2). Mechi 34, imeshinda 2, sare 4, imepigwa 28, magoli ya kufunga 15, ya kufungwa 108. Hiyo ndo SC Tasmania 1900 Berlin, na mpaka leo timu yoyote Ujerumani ikianza kuboronga lazima watu wawataje hawa. Mimi naona jamaa wanaonewa. Vibonde walikuwa kweli, hilo sibishi, ila aliyewaweka pale ndo wa kuulizwa.

Maana kwao hawakuwa timu ya ovyo. Ni watoto wa Rixdorf, mtaa wa Berlin ambao siku hizi unaitwa Neukölln, na kabla Ujerumani Magharibi haijawa na ligi moja ya nchi nzima walibeba ubingwa wa Berlin 1959, 1960 na 1962. Bundesliga ilivyoanza 1963 mji mzima ukapewa nafasi moja tu na ikaenda kwa Hertha, klabu nyingine ya Berlin, Tasmania wakabaki Regionalliga, yaani daraja la pili, mwaka uliofuata wakabeba ubingwa wa huko ila kwenye mechi za mchujo za kupanda wakakwama. Basi, timu ya kawaida tu yenye heshima yake mtaani.

Sasa kisanga kinaanzia kwa Hertha. Ukuta wa Berlin ulijengwa 1961, Berlin Magharibi ikawa imezungukwa na Ujerumani Mashariki pande zote, niambie mchezaji gani mzuri anataka kuhamia huko, na mishahara ya Bundesliga ilikuwa na kikomo kwa hiyo huwezi hata kumshawishi mtu kwa hela nyingi, basi Hertha wakawa wanawapa wachezaji pesa chini ya meza ili waje, wakadakwa, 1965 wakatupwa nje ya ligi. (Kwamba ni wao peke yao waliokuwa wanafanya hivyo, mimi siamini.)

Hapo DFB, chama cha soka chao, kikaanza kuhangaika. Ligi bila timu ya Berlin kipindi kile cha vita baridi ilikuwa haiwezekani, ingeonekana kama Magharibi imeutelekeza mji. Na huku Karlsruher SC na Schalke 04 walioshika nafasi mbili za mwisho wakawa wanapiga kelele kwamba kama Hertha anatolewa basi wao wabaki. Suluhisho likawa la kuridhisha kila mtu: ligi ikatanuliwa kutoka timu 16 hadi 18, Karlsruhe na Schalke wakasalimika, na ikatafutwa timu ya kuziba pengo la Berlin. Bingwa wa Regionalliga Berlin alikuwa Tennis Borussia lakini walishafeli kwenye mchujo, wa pili Spandauer SV wakasema hapana asante, wa tatu Tasmania wakasema ndiyo.

Zimebaki kama wiki mbili ligi ianze! Wachezaji wako likizo, mazoezi hawajafanya, kikosi ni cha daraja la chini. Ni kama unaambiwa keshokutwa harusi ni kwako na hata sufuria huna. Usajili wa maana waliofanya ni Horst Szymaniak, kiungo wa timu ya taifa aliyecheza Kombe la Dunia 1958 na 1962 na aliyepita mpaka Inter Milan, ila naye alikuwa anagonga miaka 31 na mtu mmoja habebi kumi.

Tarehe 14 Agosti 1965 wakafungua Olympiastadion na Karlsruhe, watu 81,500 uwanjani, wakashinda 2-0, magoli yote ya Wulf-Ingo Usbeck. Hebu fikiria hiyo siku, mji umefungiwa na ukuta halafu timu ya mtaani inaongoza mbele ya watu elfu themanini. Usbeck akamaliza msimu na magoli 4, na ndo aliyekuwa mfungaji wao bora, hapo utajua kilichofuata.

Kilichofuata ni mechi 31 bila ushindi. Kocha Franz Linken akaondoka Novemba, akaja Heinz-Ludwig Schmidt, hakuna kilichobadilika. Msimu huohuo ndo Bayern na Borussia Mönchengladbach wamepanda kwa mara ya kwanza, yaani Tasmania waliingia mlango mmoja na hao. Tarehe 15 Januari 1966 Gladbach wakaenda Berlin, Olympiastadion ileile, safari hii watu 827, idadi ndogo kuliko zote Bundesliga ukiacha zile mechi za korona. Na cha kuchekesha hiyo mechi hawakufungwa, iliisha 0-0! Machi wakapigwa 9-0 na Meidericher SV wakiwa nyumbani kwao. Ushindi wa pili ulikuja Mei, 2-1 dhidi ya Neunkirchen, kwenye mechi ya 33, wameshashuka zamani.

Walirudi Regionalliga wakapambana tena mpaka juu juu ila madeni yakawazidi, 1973 klabu ikafilisika na kuvunjwa. Mwaka huohuo ikaanzishwa nyingine kurithi jina, leo ni SV Tasmania Berlin, wanacheza Neukölln madaraja ya chini.

Sasa angalia mpira ulivyo. Msimu wa 2020/21 nani alifikisha mechi 30 bila kushinda? Schalke! Walewale waliobaki ligi kuu 1965 kwa mlango uliowaingiza Tasmania. Ya 30 walipigwa 3-0 na Hertha, Olympiastadion hapohapo, na watu wa Tasmania walikuwa wanawaombea Schalke washinde maana rekodi yao hawataki kumwachia mtu. Januari 9, 2021 Schalke wakampiga Hoffenheim 4-0, dogo wa Kimarekani Matthew Hoppe akapiga hat-trick, rekodi ya mechi 31 bila ushindi ikabaki Neukölln. Ile ya kufungwa mfululizo, Tasmania walikuwa nayo kwa mechi 10, ndo imeondoka, Greuther Fürth waliichukua mwishoni mwa 2021 wakafika 12. Magoli 108 bado hajatokea wa kuyafikia.