Muuaji Aliyeamriwa Kupumzika

Juma lililopita nilimaliza vipindi vyote 25 vya The Fable, anime (katuni ya televisheni) ya Kijapani iliyoanza kurushwa mwaka 2024, na tangu hapo nimekuwa nikimfikiria mhusika wake mkuu kuliko nilivyotarajia. Ni muuaji wa kukodiwa asiyeshindwa, ambaye bosi wake anamwamuru ahamie Osaka kwa mwaka mzima, aishi kama raia wa kawaida kwa jina la Akira Sato, na asimuue mtu yeyote, la sivyo atauawa yeye.

Nilikaa nikisubiri risasi. Nilichokipata, kwa sehemu kubwa, ni mtu mzima anayejifunza kwenda kazini katika kampuni ndogo ya usanifu wa michoro, kupokea ujira mdogo na kufuga kasuku. Chakula cha moto kinamshinda, na humcheka hadi kuishiwa nguvu mchekeshaji mmoja wa televisheni ambaye wengine hawaoni anachekesha nini (hata mimi sikuona).

Kilichonigusa zaidi ni pale anapokutana na wahuni mtaani. Angeweza kuwamaliza kwa sekunde chache, lakini anaacha apigwe na kulia kama mnyonge, kwa sababu ndivyo anavyodhani raia wa kawaida angefanya. Nilicheka, kisha nikairudia sehemu hiyo mara mbili bila kucheka. Mdogo wangu, tuliyeanza naye kutazama, alikuwa ameshaondoka tangu kipindi cha tatu, akilalamika kwamba muuaji gani huyu asiyeua.