Mbona hawaingii?

Moshi, Jumapili usiku

Tangu Jumanne nina swali moja kichwani. Mwalimu wa kwaya aliliuliza akiwa ameketi kwenye kiti changu cha studio, mkoba mapajani, kanga ya mabegani bado ina matone ya mvua. Nilikuwa nimempigia wimbo wao uliokamilika. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisika, akaomba nirudie, kisha akasema, "Mwanangu, mbona waimbaji wangu hawaingii?"

Sikumwelewa. Nikamwonyesha kwenye skrini pale ubeti wa tatu unapoanza: watu 24, wote wanaimba, tena kwa nguvu. Akatikisa kichwa. "Hapana. Hawa walikuwa wameshaingia tangu mwanzo."

Aliaga, akaenda zake. Nilikaa pale mpaka saa tano usiku.

Niueleze wimbo wenyewe. Ni wa maombolezo, ameutunga yeye, na anaufundisha kwa noti alizoandika kwa penseli kwenye daftari la kawaida la shule. Unaanza na alto peke yao, kina mama wanane, midomo imefumbwa. Juu ya mstari wao ameandika herufi mbili ndogo, pp, yaani laini kabisa, kwa sauti ya chini mno. Soprano wanaingia na maneno, ila bado kama watu wanaozungumza kando ya kitanda cha mgonjwa. Kabla ya ubeti wa tatu kuna kituo cha mapigo mawili, hakuna anayeimba. Halafu besi na tenori, wote, ff, yaani kwa nguvu kabisa, kanisa zima. Tuliurekodi Jumamosi moja jioni, maiki mbili tu zimesimama mbele ya kwaya. Nakumbuka pale kwenye kituo nilisahau kuvuta pumzi, na walipoingia mkono wangu ulikimbilia wenyewe kwenye kitufe cha kupunguza sauti ya hedifoni.

Hicho ndicho alichokuwa akikitafuta Mwalimu. Ule mshtuko wa mkono.

Kwenye rekodi ghafi, umbali kati ya wale kina mama wanane na ile ff ni kama desibeli 20, kwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Nilipomaliza kufanya masta, ile kazi ya mwisho ya kuuweka wimbo sawa kabla haujatoka, ulikuwa umebaki desibeli 6. Zile pp na ff alizoziandika kwa penseli, mimi nilizifuta, na nilizifuta nikijiona ninamfanyia kazi nzuri.

Ningependa kusema nililazimishwa na mtu. Hakuna aliyenilazimisha. Ni mazoea ya miaka, na mazoea hayo yana asili yake. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa maabara ya Bell Labs huko Marekani, walichora mistari inayoonyesha kwamba sauti inapokuwa ndogo, sikio la mtu linapoteza zaidi besi za chini na ncha za juu. Ukiongeza sauti, vyote viwili vinajitokeza. Ndiyo maana mtu ukimpigia wimbo uleule mara mbili, mara ya pili ukaupandisha kidogo tu, hatakuambia umeongeza sauti. Atakuambia wa pili una besi nzuri, unang'aa, umetengenezwa na fundi. Nimeshaona wateja wakifanya hivyo kwenye kiti kilekile alichokalia Mwalimu, nami nimejifunza kuwapa wanachokitaka kabla hawajakiomba.

Enzi za santuri tamaa hiyo ilikuwa na mpaka wa kushikika kwa mkono. Sauti kubwa, hasa ya besi, inachimba mfereji mpana. Mfereji mpana unakula nafasi ya dakika, na ukizidisha, sindano inaruka. CD ilipotoka mwaka 1982 ilikuja na biti 16, yaani nafasi ya desibeli 96 hivi kutoka kwenye uvumi wa chini mpaka juu kabisa. Msikilizaji wa nyumbani alikuwa hajawahi kupewa nafasi kubwa namna hiyo. Nasi watengenezaji tukaenda kubanana kwenye desibeli chache za juu, hasa baada ya mwaka 1994 ilipotoka L1 ya kampuni ya Waves, limita ya kidijitali, yaani kizuizi cha sauti, inayochungulia mbele, ikakiona kilele cha sauti kabla hakijafika na kukiinamisha.

Kwetu huku mtu akiniuliza limita inafanya nini ninaanzia kwenye lumbesa. Gunia limejaa, lakini mnunuzi anataka zaidi kwa bei ileile, basi linaongezwa kilemba na kufungwa kamba. Sauti ya kidijitali haikubali kilemba. Sufuri, kiwango chake cha juu kabisa, ndiyo mdomo wa gunia na juu yake hakuna kitu. Kinachozidi kinakatwa bapa, na kule kukatwa ndiko mkwaruzo tunaousikia. Kwa hiyo kinachobaki ni kushindilia. Unainamisha vilele, halafu unanyanyua kila kitu kwa pamoja mpaka mdomoni. Vilivyokuwa chini vinapanda. Kina mama wanane wanapanda, wanakuwa sawa na kwaya nzima. Na pamoja nao inapanda pumzi, linapanda benchi lililolia, inapanda pikipiki iliyopita nje. Jumanne usiku nilisikiliza yale mapigo mawili ya kimya kwenye kazi yangu. Kanisa lilikuwa likivuma kama friji.

Wakubwa nao wamepita njia hii. Mwaka 2008 mashabiki wa bendi ya Metallica waliinunua albamu ya Death Magnetic, wakagundua kwamba nyimbo zilezile ndani ya mchezo wa Guitar Hero zina nafasi ya kupumua kuliko zilizomo kwenye CD. Walilalamika sana. Ninawaheshimu kwa hilo, kwa sababu mara nyingi msikilizaji anachoka tu, anazima, na hajui kilichomchosha.

Alhamisi nilikwenda Arusha kwa shughuli nyingine, na nilibeba matoleo yote mawili kwenye simu: ghafi na lile nililolishindilia. Ni kama kilomita 80, Coaster ilijaa, nilikaa kiti cha nyuma ya dereva, juu ya injini. Nikaanza na ghafi. Kufika Boma Ng'ombe nilikuwa sijamsikia mama hata mmoja. Nilijua wanaimba kwa sababu namba za sekunde zilikuwa zinatembea. Nikaweka lile lililoshindiliwa, na likasikika lote, kila neno, juu ya injini, juu ya redio ya gari, juu ya konda anayeita abiria.

Hili lazima niliandike, kwa sababu usiku wa Jumanne nilikuwa nimeshaanza kuichukia limita kana kwamba imeletwa duniani kuharibu. Watu wengi wa hapa wanasikilizia muziki njiani. Sauti ndogo ndani ya gari linalonguruma haiwi laini, inakuwa haipo. Pale Usa River gari liliposimama na dereva akazima injini kidogo, nilirudi haraka kwenye ghafi, nikawapata alto kwa sekunde kumi hivi. Ziliniuma zile sekunde kumi zilipokwisha.

Huko Arusha, mtaa wa Sakina, nilipitia kwa rafiki yangu anayetengeneza hip hop. Arusha ni mji wa hip hop, kina X Plastaz walishaichanganya na uimbaji wa Kimaasai siku nyingi, na vijana wa sasa wanataka ngoma ipige kifuani. Nilimweleza habari za Mwalimu. Akacheka kwanza, akasema, "Kaka, mteja wangu yuko kwenye bodaboda. Ukimpa sauti hiyo ya kunong'ona atadhani simu imeharibika." Halafu akanyamaza, akachukua simu yangu, akaingiza matoleo yote mawili kwenye mashine yake. Lile langu la kelele akalishusha desibeli 11, mpaka kwa sikio yakalingana na ghafi. Akazima skrini tusione mistari. Akaanza kuyabadilishabadilisha.

Miaka yote hii sikuwahi kulifanya jambo hilo dogo. Nilikuwa ninalinganisha kikubwa na kidogo, na kikubwa kilishinda kila siku. Yalipolingana, toleo langu lilikuwa kama picha ya kwaya iliyobandikwa ukutani. Kwenye ghafi watu walikuwa wamesimama, wa nyuma wako nyuma, na kati yao kuna hewa. Rafiki yangu alirudia kile kituo cha mapigo mawili mara tatu. Mara ya tatu hakusema kitu. Kisha akafungua wimbo wake mwenyewe wa wiki hii, akaanza kuirudisha nyuma limita yake, kidogo kidogo, akisikiliza ngoma ya chini ikipata tena mwanzo wake. Kwa sababu ngoma nayo ni kilele. Ukiinamisha vilele vyote, unachokiinamisha kwanza ni ile ngoma uliyotaka ipige.

Alinikumbusha pia jambo ninalolijua na huwa ninalipita. Tangu mwaka 2006 kuna kipimo cha ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kinachohesabu ukubwa wa sauti karibu na jinsi sikio linavyousikia, badala ya kuangalia vilele tu. Ndicho tunachokisoma kwa LUFS, na namba ikikaribia sufuri sauti ni kubwa zaidi. Watangazaji wa Ulaya walikichukua mwaka 2010, wakakubaliana kwenye -23. Spotify kwa kawaida hulenga -14. Wimbo niliompigia Mwalimu ulikuwa -8, maana yake ukifika huko unashushwa desibeli 6, ulingane na wengine. Ushindi wote niliokuwa ninautafuta unaondolewa mlangoni, na kubanwa kunabaki. Gunia limerudishwa kwenye kipimo, lakini mahindi yameshapondeka.

Ijumaa usiku nikaanza upya kutoka kwenye rekodi ghafi. Limita nimeiachia kazi moja, kushika vilele vitatu vinne vya ff visivuke -1. Sehemu ya alto nimeinyanyua kwa mkono, desibeli 4, kwa ajili ya wale wa Coaster, kisha katika ubeti wa pili wote nimekuwa ninairudisha chini taratibu sana, mtu asijue, mpaka inapofika kwenye kituo iko pale Mwalimu alipoiweka. Kimya sikukigusa. Benchi linalia mara moja, kwa mbali, na nimeliacha lilie. Kipimo kilisoma -17. Miaka miwili iliyopita ningeona haya kumpa mteja namba hiyo.

Leo baada ya ibada nilimpelekea nyumbani kwake Rau. Sikutaka kuutuma kwa WhatsApp, niliweka kwenye flashi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba baba, karibu, pita ndani usilowe."

Sebuleni ana redio ya zamani yenye spika mbili kubwa na sehemu ya kuchomeka flashi, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Akakikunja kitambaa vizuri, akaketi. Mjukuu akaambiwa atoke na mpira wake. Nikabonyeza.

Hatukusikia kitu. Mvua ilikuwa imeshika kwelikweli, na nyumba ni ya mabati yasiyo na dari. Nilinyoosha mkono kuongeza sauti.

"Acha," akasema. "Zima kwanza."

Akaniletea chai na ndizi za kuchemsha. Tukakaa tukiyasikiliza mabati. Ilichukua zaidi ya nusu saa mvua kupungua, ikabaki michirizi kwenye mfereji, halafu matone, halafu hata matone yakaisha. Mwalimu akainuka, akafunga dirisha la upande wa barabara, akaketi tena, mikono juu ya magoti.

"Haya baba. Anza."