Bonge wa New Orleans na zambarau za mjomba

Marehemu mjomba wangu alikuwa kuli bandarini Kilindini, na katika vitu alivyopewa na mabaharia akavileta kwetu Majengo kulikuwa na santuri moja ndogo. Upande mmoja uliandikwa "Blueberry Hill", wimbo wa Fats Domino, mwimbaji na mpiga piano wa Marekani. Sisi watoto tulimuuliza hiyo blueberry ni kitu gani. Akafikiri kidogo, akajibu bila wasiwasi: "Ni zambarau. Lakini za Marekani." Basi nimekua nikijua kwamba huko Marekani kuna bwana mnene aliyepata mchumba juu ya kilima chenye mizambarau, midomo imegeuka rangi, na hakuna aliyenisahihisha mpaka nina miaka ishirini na kitu.

Santuri yenyewe ilikuwa na mkwaruzo. Wimbo ukifika katikati, pale unapogeuka, sindano inaruka, unasikia neno moja na nusu, kisha unajikuta beti la mwisho. Nilijifunza wimbo ule hivyo hivyo, na tundu lake. Nitarudi kwenye hilo tundu.

Mimi ni mpiga kinanda. Jumatatu mpaka Alhamisi nipo kwenye hoteli moja ya ufukweni, wageni wanakula na mimi napiga polepole wasikie vijiko vyao. Wikendi ni harusi. Vijana ninaopiga nao wanamjua Elvis kwa sababu ya nywele, na Little Richard kwa sababu ya mayowe. Nikiwatajia Fats Domino wananitazama. Kijana wetu wa besi aliniuliza wiki iliyopita, "Mzee, huyo naye alifanya nini?" Nikaanza kumjibu kati ya nyimbo mbili, muda hautoshi, meneja ananikazia macho. Jibu ndilo hili hapa.

Antoine Domino alizaliwa New Orleans, jimbo la Louisiana, tarehe 26 Februari 1928, kitindamimba wa watoto wanane. Watu wake walikuwa wa Kikrioli, wenye Kifaransa chao. Baba yake alipiga fidla. Mtaa wao ni Wadi ya Tisa ya Chini, sehemu ambayo siku hizo ilikuwa bado nusu shamba: kuku, bustani, njia za vumbi. Piano kuukuu ya jamaa ikaingia nyumbani akiwa mtoto, na shemeji yake, Harrison Verrett, mpiga banjo na gitaa aliyemzidi umri kwa mbali, akamwandikia majina ya sauti juu ya vitufe. Shule aliiacha mapema. Akasaidia kuuza barafu, akafanya kazi kwenye kiwanda cha springi za vitanda, na usiku anapiga. Jina la Fats alipewa na kiongozi wa bendi, Billy Diamond, aliyemlinganisha na wapiga piano wa zamani waliokuwa na jina hilo. Sisi tungemwita Bonge, yakaisha.

Mwaka 1949 mpiga tarumbeta Dave Bartholomew alimpeleka mwenye kampuni ya santuri ya Imperial, Lew Chudd, akamsikilize kilabuni. Tarehe 10 Desemba mwaka huohuo wakaingia studio ya Cosimo Matassa, chumba cha nyuma cha duka, barabara ya Rampart. Mtu unatarajia mahali pakubwa. Hapana, ni chumba tu, nyuma ya bidhaa. Miaka mingi baadaye jengo lile likawa mahali pa kufulia nguo, watu wanatia sarafu mashine izunguke. Humo ndimo alimorekodi "The Fat Man". Isikilize kama hujaisikia. Piano inagongwa kama mtu anayetwanga, ngoma ya Earl Palmer inakazia pigo la pili na la nne kutoka mwanzo mpaka mwisho, na katikati Domino anaacha maneno kabisa, anatoa sauti nyembamba ya "waa-waa" kama tarumbeta iliyozibwa kwa kiganja. Wengi wanaihesabu miongoni mwa santuri za kwanza za rock and roll, muziki ule uliokuja kumpa Elvis jina. Elvis alikuwa bado mwanafunzi.

Mwenyewe hakuwa na habari na hilo jina. Alipoulizwa kwenye miaka ya hamsini kuhusu hii rock and roll mpya inayoharibu vijana, alieleza kwa upole kwamba ni rhythm and blues tu, muziki wa siku zote wa watu weusi, na kwamba wao New Orleans walikuwa wanaipiga miaka mingi. Ndivyo alivyokuwa. Hagombani na mtu.

Sasa nieleze mkono wa kulia, maana hapo ndipo mimi nilipokamatwa. Chukua pigo nne za kawaida. Kila pigo ligawe mara tatu: ta-ta-ta, ta-ta-ta, ta-ta-ta, ta-ta-ta. Mkono wa kulia unagonga hizo tatu-tatu juu, mfululizo, bila kuchoka na bila haraka. Mkono wa kushoto unatembea chini kama mtu anayerudi nyumbani hadaiwi na mtu. Ni hilo tu. Ukitaka kujua ugumu wake, jaribu dakika tatu bila kuongeza mwendo. Mpiga kinanda aliyekulia pwani anakuwa na nafuu kidogo, kwa sababu chakacha nayo inahesabiwa kwa tatu, na kiuno cha bibi yako kilikuwa kinakufundisha hesabu hiyo kabla hujajua kusoma. Mimi sikufundishwa tatu-tatu za Domino na mtu. Mkono ulizikuta tayari, ukazikumbatia.

Na juu ya hayo mapigo, sauti. Sauti ya mtu ameketi barazani. Little Richard, aliyerekodi "Tutti Frutti" mwaka 1955 katika studio ileile ya Matassa na baadhi ya wapigaji walewale, anaimba kama nyumba inaungua. Domino anaimba kama nyumba ipo salama na chakula kiko jikoni. Watu wanachukulia kuwa huo ni udogo. Mimi naona ni kinyume, lakini nimepiga hotelini miaka kumi na tisa, pengine napendelea.

Mwaka 1955 alitoa "Ain't That a Shame". Kwenye orodha ya nyimbo zinazovuma kwa watu weusi ilikaa ya kwanza wiki kumi na moja. Kwenye orodha kubwa, ya nchi nzima, ilifika ya kumi, kwa sababu kijana mweupe, Pat Boone, aliurudia wimbo huohuo harakaharaka na yeye akafika namba moja. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara ya wakati ule: redio nyingi zilikuwa tayari kucheza wimbo, zisiwe tayari kumcheza mwenyewe. Domino hakuwahi kufika namba moja ya orodha kubwa maisha yake yote. Hata mara moja. Pamoja na hivyo, kati ya 1955 na 1960 aliingiza nyimbo kumi na moja ndani ya kumi bora, na santuri zake kwa jumla zinatajwa kuwa zaidi ya milioni 65. Ukumbini kulikuwa na kamba katikati, weusi huku na weupe kule, na piano ikianza kamba haikumzuia mtu. Mwaka 1956 maonyesho yake kadhaa yaliishia kwa vurugu, na kule Fayetteville, jimbo la North Carolina, polisi walitumia mabomu ya machozi. Fikiria: vurugu, kwa ajili ya mtu anayeimba kwa upole namna ile!

Turudi kwenye zambarau. "Blueberry Hill" ulikuwa wimbo wa zamani, wa mwaka 1940. Glenn Miller ameupiga, Louis Armstrong ameuimba. Mwaka 1956 Domino alikuwa Los Angeles kurekodi, nyimbo zikamwishia, akasema natia huu. Bartholomew hakutaka, kwa hoja kwamba Armstrong alishaumaliza. Karatasi ya muziki hawana. Domino akaanza kuimba kwa kumbukumbu, na kila akifika katikati, pale wimbo unapogeuka, maneno yanampotea. Hawakupata hata mara moja wimbo uliokwenda mzima kutoka juu hadi chini. Fundi mitambo akakata vipande vya utepe, akaviunga, ukapatikana ule unaousikia leo, uliofika namba mbili Marekani nzima.

Niliposoma habari hii nilisimama nikatembea chumbani. Mahali palepale! Tundu la santuri ya mjomba na tundu la kumbukumbu ya Domino ni sehemu moja. Najua ni bahati tu, mkwaruzo hauchagui. Lakini nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Kilichofuata nitakipitia haraka kwa sababu hakina utamu. Mwaka 1963 aliihama Imperial, kampuni mpya ikampeleka kurekodi Nashville na waitikiaji wengi kupita kiasi. Mwaka uliofuata zikaja bendi za Waingereza, Beatles na wenzao. Ajabu ni kwamba Waingereza wenyewe walikuwa wanafunzi wake. Wimbo wa kwanza John Lennon wa Beatles kujifunza ni "Ain't That a Shame", kwa mkono wa mama yake. Beatles walipopita New Orleans mwaka 1964 walitaka kuonana naye, wakaonana. Mwenzake Lennon, Paul McCartney, aliitunga "Lady Madonna" akimfuata yeye, naye Domino akaichukua akaiimba mwaka 1968, kama mtu anayerudishiwa koti lake. Na mwaka 1969 kule Las Vegas, mwandishi mmoja alipomwita Elvis mfalme, Elvis akamwonyesha Domino aliyekuwa chumbani humo na kusema mfalme wa kweli ni yule.

Las Vegas, kusema kweli, haikumfaa. Kamari ilimla pesa nyingi. Pete za almasi alizipenda. Sisemi alikuwa walii.

Na Jamaika pia: vijana wa Kingston walinasa redio za kusini mwa Marekani usiku, wakasikia jinsi Domino anavyokazia kati ya pigo na pigo, hasa kwenye "Be My Guest" ya 1959. Humo ilitoka ska, muziki wa dansi wa Jamaika, na kutoka ska ikaja rege. Kwa hiyo kila matatu ya Mombasa inayonipita ikitingisha vioo kwa rege ina kipande cha yule bonge ndani yake, na konda hajui.

Lakini kinachonifanya nimpende kuliko wote ni nyumba. Alimuoa Rosemary mwaka 1947, kabla ya umaarufu, wakazaa watoto wanane, na majina ya wote yanaanza na A. Pesa zilipokuja hakuhama. Alijenga jumba lake mtaa uleule, barabara ya Caffin, majirani walewale, malori ya taka yaleyale. Safarini alibeba sufuria zake, akawa anajipikia maharage hotelini. (Mimi nafanya kazi hotelini. Namwelewa kabisa.) Ilipofika miaka ya themanini aliamua safari basi, kwa sababu nje ya New Orleans hapati chakula anachokipenda. Walimwalika kupiga Ikulu ya Marekani, hata hilo halikumtoa.

Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kikavunja kingo za maji. Wadi ya Tisa ya Chini ikazama. Domino alikuwa na umri wa miaka 77 na hakuondoka, Rosemary hali yake haikuwa nzuri. Siku kadhaa hakuna aliyejua alipo. Mtu mmoja akapita akapulizia rangi ukutani kwake maneno ya kumuaga marehemu. Kumbe ameshaokolewa, yuko Baton Rouge na familia, wanalala kwenye fleti ya mwanafunzi wa chuo, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, aliyekuwa rafiki wa mjukuu wake. Mtu wa santuri milioni 65, kwenye kochi la mwanafunzi.

Nilimwona kwenye picha za habari wakati ule, fulana nyepesi, anashikwa mkono kushuka. Ndipo nilipojua kwamba yu hai miaka yote hii. Nilidhani amekufa zamani, pamoja na mjomba.

Maji yaliondoka na karibu kila kitu. Nishani ya taifa ya sanaa aliyopewa mwaka 1998 ikapotea. Rais Bush akamletea nyingine mwaka 2006. Santuri zake za dhahabu zilipotea nyingi, nazo zikatengenezwa upya. Piano yake nyeupe ya Steinway ilikutwa imepinduka kwenye matope, na sasa imesafishwa, imewekwa makumbusho ya jimbo. Mwaka 2007 alipanda jukwaa la kilabu ya Tipitina's, akapiga kidogo, ndiyo ikawa karibu mwisho. Rosemary alifariki 2008. Yeye akaishi Harvey, ng'ambo ya mto, mpaka tarehe 24 Oktoba 2017. Watu wa mji wakampigia matarumbeta barabarani, kama wanavyozikana kule.

Sijawaambia bado alivyokuwa anafunga onyesho. Anasimama, bado anapiga, anaweka tumbo kwenye piano kubwa na kuisukuma, pigo kwa pigo, mpaka upande wa pili wa jukwaa. Watu wanalia kwa kicheko.

Nimeijaribu mara moja, kwenye harusi, Likoni, usiku umeshakolea na bibi harusi kaomba kitu cha kuchangamsha. Tumbo ninalo, siku hizi halinipungukii. Nilichosahau ni kwamba piano ya Domino ilikuwa na magurudumu, na kinanda changu kimekaa juu ya miguu miwili ya chuma iliyopishana kama mkasi. Kilikwenda hatua moja, miguu ikajikunja, na chote kikashuka kwenye sahani za biriani za meza ya mbele. Kijana wa besi hakuacha kupiga, nampa heshima zake. Kitufe kimoja cha chini hakijapona mpaka leo: nikikigusa kinanyamaza. Nimeshajifunza kukiruka.