Kukaa Upande Mmoja na Umeme: Kazi Yangu ya Kutengeneza Laini Kutoka Kwenye Helikopta

Ndugu na marafiki wanaponipigia simu na kuniuliza ninafanya kazi gani huku Marekani, jibu langu fupi ni kwamba mimi ni fundi wa laini za umeme, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo kwa sababu kila mtu amewahi kumwona fundi juu ya nguzo. Jibu kamili huchukua muda. Mimi hukaa juu ya jukwaa jembamba la chuma lililofungwa kwenye miguu ya helikopta, rubani akiituliza helikopta hewani kando ya waya wa laini ya kilovolti 345, nami nikiushika waya huo na kuutengeneza huku umeme ukiendelea kupita ndani yake. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayowatia watu shaka, na ndiyo ninayotaka kuieleza kwanza, kwa kuwa asiyeielewa ataiona kazi yote kuwa ni kuchezea roho, na sivyo ilivyo.

Umeme haumdhuru mtu kwa sababu tu ameugusa. Humdhuru pale anapokuwa daraja kati ya mahali penye msongo mkubwa na mahali penye msongo mdogo, kama vile kati ya waya na ardhi, au kati ya waya na mnara unaoubeba, kwa sababu hapo mkondo hupata njia ya kupita mwilini mwake. Fundi aliye juu ya nguzo ana ardhi nyuma yake wakati wote, na ndiyo maana hutumia glavu za mpira au fimbo ndefu isiyopitisha umeme. Helikopta iliyo hewani haina ardhi nyuma yake. Hewa inayoizunguka inafanya kazi ileile inayofanywa na vikombe vinavyoutenga waya na mnara, na maadamu tumekaa mbali vya kutosha na mnara pamoja na nyaya za pembeni, tunaweza kujiunganisha na waya mmoja, tukawa na msongo uleule ulio nao, na pasipokuwa na tofauti ya msongo hakuna cha kuusukuma mkondo upite mwilini.

Wengi hupenda kutoa mfano wa ndege anayetua juu ya waya bila kudhurika. Mfano huo ni sahihi, lakini unaacha jambo moja ambalo ndilo linalotushughulisha zaidi. Katika laini ya kilovolti 345, kipimo ambacho ni cha kati ya waya na waya, msongo kati ya waya mmoja na ardhi hukaribia kilovolti 199, nao hukamilisha mizunguko 60 kila sekunde. Kitu chochote kikubwa cha chuma kikisogezwa karibu na waya huo, hata kama hakijashikana na ardhi, hujazwa chaji na kuondolewa chaji katika kila mzunguko, na mkondo wa kujaza na kuondoa lazima uwe na pa kupita. Usipouandalia njia utajichagulia wenyewe, na pengine utachagua ncha ya kidole chako. Kwa sababu hiyo mkono haufiki kwanza. Inayotangulia ni fimbo ya chuma iliyounganishwa kwa waya na mwili wa helikopta. Inapokaribia, cheche ya samawati huruka kuifuata, ikitoa sauti kavu ya mfululizo kama ya turubai linalochanwa, na sauti hiyo haikomi mpaka chuma kiguse chuma. Hapo hapo ninafunga kibano ambacho kitatuunganisha na waya kwa muda wote wa kazi. Kibano hicho kimetengenezwa kiachie kikivutwa kwa nguvu, ili rubani akilazimika kuondoka ghafla helikopta isibaki imefungwa kwenye laini.

Nguo ninayovaa nayo ina kazi yake. Imefumwa kwa nyuzi zisizoshika moto zilizochanganywa na nyuzi nyembamba za chuma kisichoshika kutu, kuanzia kofia hadi soksi, na kila kipande kimeunganishwa na kingine. Mwaka 1836 Michael Faraday alijenga chumba kilichofunikwa kwa chuma, akaonyesha kwamba chaji hukaa upande wa nje na haifiki ndani. Nguo yangu ni chumba hicho kilichoshonwa kwa kipimo cha mtu. Kilichobaki wazi ni uso, na ni usoni ninapouhisi umeme: mwasho mwepesi unaotembea mashavuni kama utando wa buibui, na vinyweleo vinavyosimama upande ule wa waya. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea kufunga kitu. Siku hizi mwasho huo huniambia kwamba mambo yako kama yanavyotakiwa kuwa.

Nieleze kazi yenyewe kwa mfano wa kitu kimoja. Katika laini kubwa kama hizi, kila njia mara nyingi huwa na nyaya mbili zinazokwenda sambamba, zikiachana kwa kiasi cha sentimita 45, nazo hushikiliwa na vipande vya alumini vyenye mpira ndani, yaani mishikizo, ambavyo huzizuia zisigongane. Upepo mwororo, ambao mtu aliye chini hata hausikii, huutetemesha waya usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka. Bolti hulegea. Mpira huchakaa, kisha alumini husugua alumini. Nikifika mahali kama hapo hukuta unga wa kijivu umetapakaa kwenye waya, na nikiufuta kwa kidole huona nyuzi za nje zimelika kama kisu kilichonolewa mara nyingi mno. Ndani ya nyuzi hizo za alumini kuna kiini cha chuma kigumu kinachobeba uzito wa waya, na swali ninalojiuliza ni kama uharibifu umeishia kwenye alumini au umekwenda ndani zaidi. Ukiwa umeishia nje, nautoa ule mshikizo wa zamani, nauzungushia waya vijiti vya alumini vilivyopindwa tayari, nafunga mshikizo mpya na kuukaza mpaka spana itoe mlio wa kipimo chake. Yote hayo huchukua dakika chache. Kisha natoa kibano, fimbo inakuwa ya mwisho kuachana na waya kama ilivyokuwa ya kwanza kuugusa, na tunasogea mbele hadi kwenye mshikizo unaofuata.

Kwa nini helikopta, wakati kuna magari yenye ngazi ndefu? Laini hizi hukata milima na mabonde yasiyo na barabara, na kulifikisha gari zito kwenye mnara mmoja kunaweza kuhitaji njia ya kuchongwa upya. Kuzima laini nako si jambo dogo. Umeme uliokuwa ukipita hapo lazima upite kwingine, na huko kwingine pengine tayari kumelemewa. Kwa hiyo wenye laini huona heri sisi tuufuate umeme ulipo.

Sasa nimzungumzie rubani, kwa kuwa ukweli ni kwamba ninamkabidhi uhai wangu kila asubuhi. Tunatumia helikopta ndogo aina ya MD 500, yenye mapanga matano yanayozunguka katika duara la kipenyo cha kama mita 8, na mlango wa upande wake huondolewa ili aone waya na mikono yangu bila kizuizi. Helikopta inayokwenda kasi na juu ikizimika injini, rubani mwenye ujuzi anaweza kuishusha salama kwa kuyaacha mapanga yazungushwe na hewa inayopanda. Iliyosimama hewani karibu na ardhi haina mwendo wala kimo cha kumruhusu kufanya hivyo, na sisi hufanya kazi tukiwa tumesimama hewani kwa saa nyingi. Mimi na yeye tunalijua hilo, na hatuhitaji kukumbushana. Tunachofanya ni kupima. Kila asubuhi napimwa uzito pamoja na nguo na vifaa vyangu, mafuta yanahesabiwa, joto la hewa linaangaliwa, kwa maana hewa ya moto ni nyepesi na mapanga hayapati cha kushika. Siku za kiangazi huanza kabla ya jua kuchomoza, na joto likipanda tunashuka hata kama imebaki mishikizo mitatu tu.

Hewani tunazungumza kwa redio, na lugha yetu ni ya maneno machache sana: futi tatu, futi mbili, moja, shikilia. Nilipofika nchi hii Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, kirefu na cha heshima, na kilinichelewesha. Sentensi nzima inapomfikia rubani, helikopta imeshasogea. Nilijifunza kukata maneno, kurudia agizo kama lilivyotolewa, na kutokuona aibu kusema kwamba sikusikia. Kwa mhamiaji jambo hilo la mwisho ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu muda mwingi unakuwa umejizoeza kuficha kwamba hukusikia.

Kuna siku moja sijaisahau, nayo ni ya mwaka wangu wa kwanza juu ya jukwaa. Nilipokuwa nikikagua vifaa, niliukunja waya wa kibano kama tulivyofundishwa na nikahisi, chini ya ganda lake la plastiki, mahali palipolegea karibu na kiungo. Nyuzi zilikuwa zimekatika ndani. Nilimwonyesha msimamizi, akautazama kwa haraka, akasema utafaa kwa siku hiyo, kwa kuwa tulikuwa nyuma ya ratiba na upepo ulitarajiwa mchana. Nilinyamaza. Nilikuwa mgeni katika kazi na mgeni katika nchi, na nilihofia kuonekana kwamba natafuta sababu ya kutopanda. Nilijifunga mkanda, injini ikawashwa, na miguu ya helikopta ilikuwa imeanza kuwa myepesi juu ya changarawe niliposema redioni neno ambalo mtu yeyote katika kikosi ana ruhusa ya kulisema: simama. Rubani hakuuliza sababu. Alishusha, akazima injini, akasubiri mapanga yatulie, ndipo akaja akaukunja ule waya kwa mikono yake mwenyewe. Tulichelewa dakika 40 tukitafuta mwingine. Msimamizi hakunisemesha hadi jioni, na baadaye aliendelea na kazi yake kama kawaida. Sikujuta kusimamisha kazi. Nilichojutia, na ninakijutia hadi leo, ni kwamba nilingoja mpaka injini ikawaka, nikamwacha mtu mwenye familia ajiandae kupaa akiamini kwamba mimi nimeridhika na kifaa kinachotulinda sote wawili.

Maisha nje ya jukwaa yana upweke wake. Kikosi huifuata laini, na laini haipiti mijini, kwa hiyo tunalala katika nyumba za wageni za kandokando ya barabara kuu wiki tatu au nne mfululizo, kisha tunarudi nyumbani kwa siku chache. Siku za upepo mkali tunakaa tu tukiangalia vitambaa vya kuonyesha mwelekeo wa upepo. Nimekosa shughuli nyingi za kifamilia kwa sababu ya kazi hii, nyingine nikizifuata kwa video ya simu nikiwa na kofia ya kazi kwapani. Malipo ni mazuri na sitayadharau, lakini ningekuwa nayatafuta hayo peke yake ningekuwa nimeshaondoka. Kinachonibakiza ni kuona kazi ya mikono yangu ikibeba umeme wa maelfu ya nyumba bila hata taa moja kupepesa wakati nilipokuwa nikiifanya.

Vijana wanaoniandikia wakitaka kujua njia ya kuingia huwa wanauliza kuhusu helikopta, nami huwajibu kuhusu ardhi. Huku fundi wa laini husomea kazini kwa takriban saa 7,000, yaani miaka mitatu na nusu hadi minne, akiwa chini ya mafundi waliomtangulia, na wengi hupitia chama cha wafanyakazi kiitwacho International Brotherhood of Electrical Workers, kilichoanzishwa St. Louis mwaka 1891. Rais wake wa kwanza, Henry Miller, alikuwa fundi wa laini, na alikufa mwaka 1896 kwa ajali akiwa kazini juu ya nguzo. Taratibu nyingi tunazozifuata leo zimeandikwa baada ya vifo vya namna hiyo, na ndiyo maana simvumilii anayeziita urasimu. Aliyekwisha kuwa fundi kamili ndiye anayeweza kuanza mafunzo ya helikopta, kwanza akiwa chini akipokea mizigo, kisha juu ya jukwaa helikopta ikiwa imezimwa, kisha kwenye laini isiyo na umeme, na mwisho kwenye laini iliyo hai.

Mwaka huu nimepewa wawili wa kuwafundisha. Asubuhi yao ya kwanza sikuwapeleka karibu na helikopta. Niliwapa nyaya tano za vibano, mmoja wao ukiwa umekatika nyuzi ndani, nikawaambia wazikunje polepole kwa vidole, sentimita baada ya sentimita, na yeyote atakayeuhisi ule mbovu aseme simama kwa sauti ya kusikika upande wa pili wa uwanja.