Kakira: jinsi kiwanda cha sukari kilivyokufa baada ya 1972

Aliyepora duka anaweza kuuza vilivyomo mpaka rafu ziishe. Kiwanda cha sukari hakimpi mporaji nafasi hiyo.

Muljibhai Madhvani alianza kutengeneza sukari Kakira, karibu na Jinja nchini Uganda, mwaka 1930. Idi Amin alipopindua serikali Januari 1971, familia yake ilikuwa pia na viwanda vya sabuni, mafuta ya kupikia, nguo na bia. Agosti 1972 Amin akawapa Waasia, familia hiyo ikiwemo, siku 90 kuondoka. Manubhai Madhvani, aliyeongoza biashara baada ya kifo cha kaka yake Jayant, alifungwa katika gereza la Makindye kabla ya kuondoka nchini. Mali za waliofukuzwa zikawekwa chini ya bodi ya serikali.

Muwa ukishakatwa, sukari yake huanza kupotea. Unapaswa kusagwa ndani ya siku moja, mbili zikizidi. Kwa hiyo wakataji, trekta, vinu na boila lazima viende pamoja. Trekta zikikosa spea, kinu hukaa bila miwa. Kinu kikisimama, makapi hukosekana, na makapi ndiyo kuni za boila. Mvuke ukikatika, juisi iliyokwisha kukamuliwa huchacha. Spea zilitaka fedha za kigeni na watu waliojua nini kiagizwe na kwa nani. Wengi wa watu hao walikuwa wamefukuzwa.

Shambani uharibifu huja polepole, na hapo ndipo watawala hudanganyika. Miwa huchipua yenyewe baada ya kukatwa, ila mavuno hushuka mkato hadi mkato. Baada ya mikato michache lazima ing'olewe, ipandwe upya. Bila hivyo, mwaka wa kwanza mtu bado huona shamba la kijani.

Mwaka 1968 Uganda ilizalisha zaidi ya tani 150,000 za sukari. Kufikia 1984 uzalishaji ulikuwa karibu sifuri. Hasara hiyo iliwaangukia pia vibarua na wakulima wa Busoga, eneo ilipo Kakira, ambao hawakuwa na pasipoti ya kukimbilia popote, na husahauliwa mno habari hizi zinaposimuliwa.

Sheria ya mwaka 1982 ilifungua njia ya wenye mali kudai walichonyang'anywa. Kakira ilifufuliwa kuanzia 1985, familia ikiwa na ubia na serikali. Kazi ilianza kwa kufyeka vichaka, kupanda miwa upya na kukopa fedha za kukarabati mitambo.