Mkono Mmoja Ukaisha

Leo asubuhi, kwenye semina fupi pale Mlimani, niliketi jirani na muuguzi mstaafu aliyehudumu Liberia wakati wa Ebola. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia kwa upole.

Mtoa mada alieleza kwamba mlipuko ulitangazwa Guinea Machi 2014, lakini Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa Agosti 8, na kwamba ni baada ya vifo zaidi ya 11,000 ndipo, mwaka 2016, lilipounda programu yake ya dharura za afya.

Mama yule hakuandika kitu.

Alihesabu kwa vidole: Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai. Mkono mmoja ukaisha, akaufumba taratibu.

Chai ilipoletwa (maandazi yalikuwa ya moto, nakiri), nilishindwa kumuuliza lolote.

Ninyi mngemuuliza nini?